Ekseli Nzima Mbele ya Pikapu: Nani Hasa Anaihitaji?

Hilux ya kwanza yenye foo-wili iliingia sokoni mwaka 1979. Mbele ilibebwa na ekseli nzima: nyumba moja ya chuma inayotoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, difu ndani yake, na springi za pleti zikiibeba fremu juu. Kwa soko la Marekani mpango huo haukudumu. Kuanzia modeli ya 1986 Toyota iliiondoa ekseli hiyo ikaweka mfumo wa magurudumu huru, kila gurudumu likipanda na kushuka peke yake kwa mikono miwili ya chuma na fimbo inayojisokota badala ya springi. Tangu wakati huo wapo wenye pikapu hizo wanaokata mfumo wa kiwandani kwa grinda na kurudisha ekseli ya zamani. Kilichoanza kama kazi ya mafundi wachache wenye ujasiri kimekuwa biashara kamili, yenye maduka yanayouza mabano, springi na mikono ya usukani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu.

Swali linalostahili kujibiwa ni kama kazi hiyo ina maana, na kwa nani. Msimamo wangu ni huu: wenye pikapu walio wengi hawaihitaji, na wengine itawaharibia gari zuri. Kwa wale wachache wanaoihitaji kweli, mafanikio hayaamuliwi na ukubwa wa ekseli wala urefu wa springi. Yanaamuliwa na usukani na uchomeleaji.

Kwa nini kiwanda kiliiacha

Ekseli nzima ina uzito, na uzito huo wote uko chini ya springi. Gurudumu linapogonga jiwe, linapanda pamoja na difu, nyumba ya ekseli na shafti. Kadiri chuma kinachorushwa kinavyokuwa kizito, ndivyo springi na shokapu zinavyopata shida kukirudisha chini kwa wakati. Kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, tairi hukosa kugusa ardhi kwa vipindi vifupi vifupi, na tairi lisilogusa ardhi haliwezi kukata kona wala kufunga breki.

Tena, magurudumu mawili yaliyoshikamana hayana siri. Shimo la kushoto linalijulisha gurudumu la kulia. Gurudumu moja likiinuka, ekseli inainama, na pembe ya matairi yote mawili inabadilika. Dereva anausikia mchezo huo mikononi. Mfumo wa magurudumu huru unapunguza yote mawili: difu linafungwa kwenye fremu, na kila upande unapokea pigo lake.

Katika miaka ya 1980 mnunuzi wa Marekani alikuwa anabadilika. Pikapu iliyokuwa ya shamba ikawa ya kwendea kazini na kupeleka watoto shule, kwa barabara kuu ya lami na kwa mwendo mkali. Kwa mtu huyo Toyota ilifanya jambo la busara. Lakini haikuiondoa ekseli nzima kila mahali. Hilux ya LN106, iliyouzwa Australia na sehemu nyingi za Afrika kuanzia mwaka 1988, iliendelea na ekseli nzima na springi za pleti mbele kwa karibu muongo mwingine. Kampuni ile ile, katika miaka ile ile, iliwapa wateja wawili majibu mawili kwa sababu barabara zao na mizigo yao havikufanana. Mwenye kutaka kubadilisha gari lake aanze hapo: yeye ni mteja yupi kati ya wale wawili?

Kinachopatikana

Faida ya kwanza ni mchezo wa magurudumu. Kwenye mwamba au korongo, ekseli nzima inafanya kazi kama mizani: jiwe linaposukuma tairi la kushoto juu, uzito wa gari unalisukuma la kulia chini. Matairi yote yanabaki ardhini na nguvu ya injini inapata pa kushika. Katika mfumo huru tairi moja hufika mwisho wa mwendo wake mapema, jingine linaning'inia hewani, na bila difloki, kifaa cha kulifunga difu, gari linasimama.

Ya pili ni nafasi chini ya tumbo. Difu la ekseli nzima limeshuka, ni kweli, lakini umbali wake na ardhi haubadiliki, kwa kuwa linasafiri pamoja na matairi. Katika mfumo huru, gari likizama kwenye springi zake, difu na mikono ya chini vinashuka nalo, na mara nyingi vinashuka pale pale penye jiwe. Dereva wa ekseli nzima anajua difu lake liko wapi na analipitisha pembeni.

Ya tatu ni nguvu. Krauni ya difu la mbele katika ekseli ya Hilux ya 1979 hadi 1985 ina kipenyo cha inchi 8, sawa na difu la nyuma la pikapu za injini ya silinda nne. Ile ya mfumo huru uliofuata ni inchi 7.5. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwenye meno ya gia chini ya matairi makubwa si ndogo. Zaidi ya hapo, mtu anayeinua gari lenye magurudumu huru kwa kukaza fimbo zake anaziweka sivii, viungo vinavyoiruhusu shafti kupinda, kwenye pembe kali kila siku. Buti zinapasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia, na sivii inaanza kugonga kila kona. Ndani ya ekseli nzima shafti inabaki imenyooka hata gari likiinuliwa. Pembe pekee ni ile ya kukata kona.

Ya nne, ambayo wauzaji wa vifaa huitaja kwa nadra ingawa ndiyo kubwa kwa msafiri wa mbali, ni urahisi wa kutengeneza. Springi ya pleti iliyokatika inaweza kufungwa kwa muda, na fundi mwenye vifaa vya kawaida anaweza kuendelea na kazi. Mkono wa chini uliopinda katika mfumo huru unataka kipuri chake na mashine ya alaimenti.

Ndiyo maana katika mashindano ya Rhino Charge nchini Kenya, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, ekseli nzima ina heshima yake. Washiriki wana saa 10 kufika kwenye vituo 13, na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi kuliko wote. Kanuni hiyo inamlazimisha dereva kukata moja kwa moja kwenye korongo na mawe, polepole. Hali ni hiyo hiyo kwenye njia ya Rubicon huko California, ambako gari linatambaa juu ya miamba.

Kinachopotea

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2019 Nasser Al-Attiyah wa Qatar aliipa Toyota ushindi wake wa kwanza wa jumla katika mashindano ya Dakar, akiendesha Hilux iliyojengwa Afrika Kusini. Gari lile lilikuwa na magurudumu huru mbele na nyuma. Katika jangwa linalokimbiwa kwa kasi, hakuna mjenzi makini wa gari la kushindania ubingwa anayechagua ekseli nzima mbele, kwa sababu zile zile za uzito nilizozieleza. Anayesema ekseli nzima ni bora porini bila kutaja mwendo hajasema kitu. Porini kuna kutambaa na kuna kukimbia, na kila kimoja kina chombo chake.

Gari lililobadilishwa linakuwa refu. Ili ekseli ipate nafasi ya kupanda bila kugonga sampu ya injini, fremu huinuliwa inchi kadhaa. Kitovu cha uzito kinapanda, na hatari ya kupinduka kwenye kona inapanda pamoja nacho. Matairi makubwa yanayofuata yanazipa breki uzito kuliko zilivyopangiwa. Mafuta yanatumika zaidi. Spidomita inadanganya mpaka irekebishwe. Kwenye lami gari linakuwa na tabia ya kutangatanga ambayo dereva aliyezoea pikapu ya kiwandani ataihisi kilomita ya kwanza.

Kazi yenyewe

Kuchagua ekseli ni uamuzi wa kwanza. Kanuni inayookoa fedha ni kubaki ndani ya familia moja. Ekseli ya Hilux ya zamani inapokwenda chini ya pikapu ya Toyota ya 1986 hadi 1995, upande wa difu unalingana na upande ambao transfa inatolea propela ya mbele, na boliti sita za gurudumu zina mpangilio ule ule. Ekseli ya kampuni nyingine inaweza kuwa nene na ya kuvutia, lakini difu likiwa upande usio sahihi, mtu anajikuta anabadilisha na transfa pia.

Kisha uwiano wa gia. Difu la mbele na la nyuma lazima yawe na uwiano mmoja. Kama nyuma ni 4.10 na mbele ni 4.88, siku dereva atakapoingiza foo-wili kwenye ardhi kavu, ekseli mbili zitashindana, na kitakachoshindwa ni transfa, propela au meno ya gia. Kosa hili halionekani kwa macho, kwa hiyo meno ya krauni na pinioni yahesabiwe kabla ya kufunga.

Upana nao una hesabu yake. Pikapu za Toyota za soko la Marekani za 1986 na kuendelea ni pana kwa takriban inchi 3 kuliko zilizotangulia. Ekseli ya zamani ikiwekwa kama ilivyo, magurudumu ya mbele yanakuwa ndani kuliko ya nyuma. Mafundi hutatua kwa spesa za inchi 1.5 kila upande, au kwa kuhamishia kwenye ekseli ya zamani habu za mfumo huru zilizotolewa kwenye gari lile lile. Njia ya pili ni imara zaidi. Upana usiolingana si suala la sura tu: Land Cruiser 79 ya injini ya V8 iliyotoka mwaka 2007 ilikuwa na magurudumu ya nyuma yaliyobanwa karibu milimita 95 kuliko ya mbele, na madereva wa Australia walilalamika miaka mingi kwamba kwenye mchanga gurudumu la nyuma linachimba njia yake lenyewe badala ya kupita lilipopita la mbele.

Ekseli iliyotoka kwenye gari la zamani isifungwe kabla ya kufunguliwa. Sili za ndani zikichoka, oili ya difu inaingia kwenye kifundo cha gurudumu, inachanganyika na grisi ya sivii na kuiyeyusha, na mchanganyiko mweusi unavuja kwenye duara la kifundo. Beringi za kingpini zikiwa na nafasi, usukani hautatulia hata springi ziwe mpya. Kitabu cha kiwanda kinaeleza jinsi ya kupima mkazo wa beringi hizo kwa kukivuta kifundo kwa mizani ya springi. Fundi anayesema anaupima kwa mkono tu hajafanya kipimo.

Upande wa springi, pleti zina sifa ya unyofu: zinabeba gari na kuishika ekseli mahali pake kwa wakati mmoja. Jicho lisilosogea likiwekwa mbele na shako, kiungo kinachocheza, ikawekwa nyuma, springi inaponyooka kwa pigo huisogeza ekseli kurudi nyuma, ikilikimbia jiwe. Ukigeuza mpango huo, ekseli inakwenda mbele kulikabili jiwe, na pigo linakuwa kali. Springi za koili ni laini zaidi, lakini haziishiki ekseli. Zinahitaji mikono ya kuizuia isiende mbele na nyuma, na fimbo ya kuizuia isiende kushoto na kulia. Kila mkono ni mabano mengine ya kuchomelea na pembe nyingine ya kukosea. Kwa gari la kazi, na kwa fundi anayefanya mara ya kwanza, pleti zinatosha.

Usukani ndio mtihani

Hapa ndipo magari mengi yaliyobadilishwa yanapoharibikia. Hilux ya zamani ilisukuma gurudumu kwa fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani kwenda mbele na kurudi nyuma. Gari likiinuliwa na springi zikaanza kucheza sana, mpango huo unamgeuzia dereva usukani kila ekseli inapopanda na kushuka, bila yeye kugusa kitu. Kwenye barabara kuu huo ni mwanzo wa ajali.

Suluhisho zuri lilipatikana ndani ya gari lile lile linalobadilishwa. Boksi la usukani la pikapu za 1986 hadi 1995 linasukuma mkono wake kwa upande, kwa hiyo fimbo inaweza kuvuka gari kutoka upande mmoja hadi mwingine, karibu sambamba na ekseli. Mafundi wanalibakiza boksi hilo, wanafunga mikono mirefu juu ya vifundo, na tairodi inapita juu ya springi, mbali na mawe. Wanaochagua koili wanaongezewa sharti: fimbo ya usukani na ile ya kuzuia ekseli kwenda pembeni ziwe sambamba na za urefu unaokaribiana, ili zichore duara moja ekseli inapopanda. Zikitofautiana, kila shimo ni kona.

Mikono hiyo ya usukani imeshikwa kwenye kila kifundo na boliti nne zenye washa za koni. Zinapokaa mahali pake hulegea kidogo, kwa hiyo zikazwe upya baada ya safari fupi ya kwanza, kisha zikaguliwe kwa ratiba.

Kasta nayo haina mjadala. Ni pembe inayofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Ekseli ikizungushwa ili pinioni ielekee propela, kasta inapungua, na gari linaanza kutangatanga. Ikizungushwa kurudisha kasta, propela inapata pembe kali na kutetemeka. Kabari ndogo chini ya springi zinatosha kwa gari lililoinuliwa kidogo. Kwa lililoinuliwa sana, vifundo hukatwa kwenye nyumba ya ekseli, huzungushwa na kuchomelewa upya, kazi inayotaka jigi na vipimo.

Kisha kuna mtetemo mkali wa magurudumu ya mbele, unaoanza kwa shimo dogo na kumfanya dereva ahisi gari linataka kuvunjika. Wengi hukimbilia kununua shokapu ya usukani. Shokapu hiyo inaficha ugonjwa. Chanzo huwa ni tairodi endi zilizochoka, beringi za kingpini, bushi, tairi zisizo na balansi au kasta isiyotosha. Mtetemo huu ukitokea, gari lisiendeshwe kwa mwendo mpaka chanzo kipatikane.

Chuma kilichochomelewa, na sheria

Kuondoa mfumo huru kunaacha fremu na majeraha. Mabano yaliyochomelewa kiwandani yanakatwa, na grinda ikipita ndani kupita kiasi, fremu inabaki nyembamba pale pale patakapobeba springi mpya. Mahali pa boksi la usukani panahitaji bamba la kuimarisha, kwa sababu matairi makubwa yanaivuta fremu hapo hadi inapasuka. Mshono wa kuchomelea unaoonekana mzuri juu unaweza kuwa haujaingia ndani ya chuma. Kazi hii ni ya mchomeleaji aliyezoea vyuma vya kubeba mzigo. Mtengeneza mageti mwenye mashine nzuri si mtu huyo.

Nchi kadhaa zimeliweka jambo hili kwenye maandishi. Australia ina kanuni za kitaifa za kubadilisha magari mepesi, na kazi kubwa kama hii hupitishwa na mhandisi anayetambuliwa. Nchini Ujerumani, gari lililobadilishwa hukaguliwa na taasisi kama TÜV kabla ya kuruhusiwa barabarani. Popote ulipo, zungumza na mkaguzi wa magari na kampuni yako ya bima kabla ya grinda kuwashwa, na majibu yao yawe kwa maandishi. Bima inayokataa kulipa baada ya ajali ni hasara kubwa kuliko gari lenyewe.

Pikapu mpya zimeongeza ugumu. Hilux iliyotoka mwaka 2005 na kuendelea ina usukani wa raki, kwa hiyo kubadilisha ekseli kunamaanisha kutafuta boksi la usukani na mahali pa kulifunga. Zilizo na ABS na mfumo wa kuzuia kuteleza zinasoma mwendo wa kila gurudumu kwa sensa, na kompyuta inafanya maamuzi kwa kuamini kwamba gari lina urefu na usukani wa kiwandani. Ukiubadilisha mwili na kuuacha ubongo wa zamani, breki zinaweza kuingilia wakati usiotakiwa. Kwa magari haya, ushauri wangu ni kutogusa.

Hukumu

Ekseli nzima haijafa. Jeep inaiweka kwenye Wrangler na kwenye pikapu yake ya Gladiator. Suzuki Jimny iliyotoka mwaka 2018 inayo mbele na nyuma. Ford bado inaiweka chini ya pikapu zake nzito za foo-wili. Toyota haikuitoa kwenye Land Cruiser 70, familia iliyoanza mwaka 1984: mwaka 1999 ilibadilisha springi za mbele kutoka pleti kwenda koili, ekseli ikabaki. Land Cruiser hizo ndizo zinazobeba watalii, wagonjwa na vifaa vya umeme nchini Tanzania na Kenya kwenda kusiko na lami.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ukweli huo unajibu nusu ya swali. Anayehitaji ekseli nzima kwa kazi anaweza kununua gari lililotoka nayo kiwandani, lenye usukani, breki na fremu vilivyopangwa pamoja na wahandisi, na vipuri vinavyopatikana hadi miji midogo. Hata Hilux za kizazi cha LN106 bado zipo barabarani. Mtu akijumlisha bei ya ekseli, springi, usukani, propela, breki na siku za fundi, kisha akaongeza hatari, mara nyingi atakuta gari sahihi lilikuwa karibu kuliko alivyodhani.

Anayebaki na sababu halali ya kubadilisha ni mtu wa aina moja: ana pikapu ya zamani isiyo na kompyuta nyingi, anatembea kwenye mawe na makorongo kwa mwendo wa polepole, ana fundi anayepima, na ana fedha za kumaliza kazi bila kuruka hatua. Huyo aanze na usukani. Achore pembe zake kwenye karatasi kabla ya kununua springi, ahesabu meno ya madifu yote mawili, na afungue vifundo vya ekseli aone kilichomo. Akikosa kimojawapo kati ya hivyo, aliache gari lake kama lilivyotoka kiwandani, aweke matairi mazuri na difloki ya nyuma. Litamfikisha sehemu nyingi alizodhani haziendeki, na jioni litamrudisha nyumbani kwa lami salama.